Wananchi waliotoa shamba: kipande cha gazeti la zamani katika mgogoro wa ardhi ya shule

Majina ya watu, kijiji, kata na gazeti yameondolewa. Ukubwa wa maeneo umetajwa kwa makadirio, na uhusiano wa baadhi ya wahusika umebadilishwa kidogo ili wasitambulike.

Usuli

Kijiji kiko upande wa Njombe, kwenye nyanda za viazi, mahindi na mianzi ya ulanzi, pombe inayogemwa kwenye mianzi, ambazo miaka ya karibuni zimegeuka kuwa nyanda za mbao. Shule yake ya msingi ilijengwa katikati ya miaka ya 1970. Juu kuna madarasa na uwanja. Katikati kuna lililokuwa shamba la shule, ambalo baadaye lilipandwa paini. Chini kabisa kuna ukanda wa bonde wenye unyevu, wa aina ile ambayo huku kwetu watu hulima vinyungu, yaani bustani za kiangazi, mvua zikishakatika. Kwa ujumla, eneo ambalo kila mtu amezoea kuliita la shule linafika kama ekari kumi.

Miaka ikapita bila mtu kuuliza ardhi ile ilitoka kwa nani. Swali lilizaliwa siku mnunuzi wa miti alipokuja kupima paini. Bei aliyoitaja ilifika kilabuni kabla kamati ya shule haijakaa. Haukupita muda, mjukuu wa mzee mmoja wa zamani, ambaye hapa nitamwita mlalamikaji, akapeleka barua ofisi ya kijiji. Alidai babu yake aliiazimisha shule ardhi ile hadi serikali ipate mahali pengine, na kwamba hakuitoa moja kwa moja. Alitaka bonde lote na nusu ya thamani ya miti.

Serikali ya kijiji haikuwa na hati yoyote. Ilichokuwa nacho ni karatasi moja, iliyotunzwa katika faili la mwalimu mkuu kwa miaka na kurithishwa kutoka mwalimu mkuu mmoja hadi mwingine: nakala ya habari ya gazeti.

Kipande chenyewe

Ilikuwa fotokopi ya fotokopi, imekatwa kingo, na mwaka umeandikwa pembeni kwa kalamu. Habari ilikuwa na aya nne. Ya kwanza ilieleza kwamba wananchi wa kijiji hicho wametoa ekari nane kwa ajili ya kujenga shule, kwa kuitikia wito wa Chama na Serikali. Ya pili ilimtaja kiongozi wa wilaya kwa cheo na jina kamili, likitanguliwa na "Ndugu", akiwapongeza. Ya tatu ilihesabu matofali, na kueleza nguvu za wananchi zina thamani ya shilingi ngapi. Ya nne iliwataka wananchi wa vijiji vingine waige mfano huo.

Katika habari nzima mwenye jina alikuwa mmoja tu, naye hakuwa mtu wa kijiji hicho.

Mambo yalivyokwenda

Hatua ya kwanza ya uongozi ilikuwa kuisoma habari ile mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti aliisoma yote, akarudia aya ya kwanza, akamalizia kwa kusema kwamba jambo likishaandikwa gazetini limekwisha. Watu wakapiga makofi. Mlalamikaji akasimama. "Babu yangu hakuwa wananchi," alisema. "Alikuwa mtu, tena na jina lake." Wengine walicheka, naye akaondoka, na kesho yake akaanza kuuliza gharama za kufungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Suala likapelekwa kwenye baraza la ardhi la kijiji. Kwa wasiolifahamu, hiki ni chombo kilichowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Kina wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kupatanisha. Hakina nguvu ya kumlazimisha mtu. Mimi niliingia hapo. Nilifundisha Kiswahili kwa muda mrefu, na tangu nistaafu watu wananijua kama yule anayesoma magazeti yaliyokwisha kufungiwa maandazi. Mwenyekiti wa baraza, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, aliniuliza hivi: "Mwalimu, tuambie kama gazeti hili linasema kweli."

Nilimwomba tubadilishe swali. Kuuliza kama gazeti lilisema kweli kungetupeleka kwenye ndiyo au hapana, na upande mmoja ungeondoka umeaibika. Tulichohitaji kujua ni neno "wananchi" katika aya ile limesimama mahali pa nani. Baraza likakubali, ingawa mjumbe mmoja alisema waziwazi kwamba anaona tunapoteza wakati, kwani wananchi ni wananchi.

Kijana wa mjumbe mmoja anayesoma Dar es Salaam alikwenda kuitafuta habari yenyewe katika majalada ya magazeti maktabani. Aliipata na kuipiga picha kwa simu, ukurasa mzima. Mambo mawili yakaonekana papo hapo. La kwanza, mwaka ulioandikwa kwa kalamu ulikuwa umekosewa. Habari ilitoka mwaka uliofuata. La pili, kwenye ukurasa huohuo kulikuwa na habari nyingine, ya wilaya nyingine kabisa, juu ya "baadhi ya wananchi" walioonywa kwa kung'ang'ania mashamba yao ya zamani na kuchelewa kuhamia kijijini.

Baada ya hapo tukawatembelea wazee, mmoja mmoja, nyumbani kwao. Kisha afisa aliyezoea kazi ya mipango ya matumizi ya ardhi akapima eneo kwa kifaa. Mwisho baraza likakaa na pande zote mbili.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kutafuta ukurasa mzima ndio uliozaa mengi. Mwaka uliosahihishwa ulituweka baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, ambapo TANU, chama kilichotawala wakati ule, iliamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote ianze kutolewa ifikapo Novemba 1977. Mwaka mmoja kabla ya azimio hilo, Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba hadi kufikia mwisho wa 1976 kuishi vijijini kutakuwa lazima, siyo tena jambo la hiari. Kwa hiyo kijiji chetu kilikuwa kinafanya mambo mawili kwa mpigo: kupokea watu wanaohamia, na kutafuta mahali pa shule kabla ya tarehe kufika. Mtu aliyeombwa shamba wakati huo hakuombwa kama mtu anavyoombwa leo. Hilo halimaanishi alinyang'anywa. Maana yake ni kwamba neno "wametoa" lilibeba uzito ambao kitenzi chenyewe hakiuonyeshi.

Uamuzi wa pili ulikuwa kusoma habari nyingine za miezi ile, za vijiji vingine, kabla ya kuihukumu hii. Baada ya kusoma kurasa za kutosha, mtindo ukajitokeza bila kutafutwa. Jambo likiwa jema, mtendaji ni "wananchi": wamejenga zahanati, wamechimba mtaro, wamelima shamba la kijiji, wametoa ardhi. Jambo likiwa baya, ghafla wanapungua na kuwa "baadhi ya wananchi", au "watu wachache", au "wazembe". Na likiwa agizo, wananchi hawafanyi kitu bali wanafanyiwa: wametakiwa, wamehimizwa, wameonywa, wamepongezwa. Wenye majina ni wanaotaka, wanaohimiza, wanaoonya na wanaopongeza.

Kiswahili chenyewe kinausaidia mtindo huu. Ukisema "wananchi wametoa" bila kuweka "wote", "baadhi" wala "kadhaa", sentensi imekamilika na haikudai idadi. Inaweza kuwa kijiji kizima, inaweza kuwa kaya tatu. Msikilizaji hujazia mwenyewe, na kwa kawaida hujazia kijiji kizima.

Uamuzi wa tatu ulihusu namna ya kuwauliza wazee. Siku ya kwanza tuliuliza moja kwa moja: nani alitoa ardhi ya shule? Jibu likawa lilelile la gazeti. "Tulitoa sisi wananchi." Mzee mmoja alilitamka huku amenyoosha mgongo, kwa sauti ya mtu anayesoma risala, na hapo ndipo nilipoelewa chanzo cha habari. Waandishi wa wakati ule walifika vijijini zaidi kwenye misafara ya viongozi. Kiongozi anashuka garini, ngoma inapigwa, risala inasomwa, kiongozi anajibu, msafara unaondoka. Risala huanza na "Sisi wananchi wa kijiji cha…", na mwandishi akirudi mjini hugeuza "sisi wananchi tumetoa" kuwa "wananchi wametoa". Gazeti halikulibuni neno. Lililetewa na kijiji chenyewe, na kijijini aliyeshika kalamu ya risala kwa kawaida alikuwa mtu mmoja, katibu au mwalimu.

Basi tukaacha kuuliza juu ya utoaji, tukauliza juu ya mimea. Pale penye paini, kabla ya shule kulikuwa na nini? "Mianzi." Ya nani? Majina yakamiminika bila kigugumizi. Mtu wa huku anajua kwa nini. Mianzi ya ulanzi ina mwenyewe. Anayegema pale anajulikana, na hakuna anayegema mwanzi wa jirani bila ruhusa akabaki na heshima yake. Mzee anaweza kusahau mwaka aliooa, lakini shina la ulanzi alilokuwa akinywa masika halisahau. Kwa njia hiyo tulipata kaya tatu: ya babu wa mlalamikaji, ya mzee mwingine ambaye watoto wake bado wako kijijini, na ya tatu ambayo ilihamia Makambako zamani.

Bibi mmoja, aliyekuwa mke kijana wakati ule, alituongezea mambo ambayo wanaume wote waliyaruka. Babu wa mlalamikaji alikuwa balozi wa nyumba kumi. Katika mkutano wa kutafuta kiwanja alisimama wa kwanza, akasema shule ianzie kwenye shamba lake. Wawili waliopakana naye hawakusema neno, na kimya chao kikahesabiwa kuwa ridhaa. Baadaye balozi alipewa kipande ng'ambo ya mto, na ukoo wake unakilima hadi leo. Nilipomsomea bibi ile aya ya matofali na nguvu za wananchi, akaguna. "Mwanangu, maji ya matofali yale tulibeba sisi wanawake. Wananchi walikuwa wamekaa na mgeni."

Na vinyungu je? Hapo bibi alikuwa na hakika. Mke wa balozi aliendelea kulima bondeni kila kiangazi hata baada ya shule kufunguliwa, mpaka alipofariki, na hakuna mwalimu wala kiongozi aliyemzuia.

Ndiyo maana baraza likaamua eneo lipimwe. Sehemu ya juu na ya katikati, bila bonde, ilikaribia zile ekari nane za gazetini. Bonde lilikuwa ziada.

Matokeo

Baraza lilipokaa, mlalamikaji alisikia kwa mara ya kwanza, mbele ya watu, kwamba babu yake hakuwa jina lililofichwa tu nyuma ya "wananchi". Ndiye aliyeanza kutoa. Alisikia pia, na hili halikumfurahisha, kwamba ukoo wake ulipewa shamba jingine, na kwamba hakuna hata mzee mmoja aliyekumbuka neno la kuazimisha. Uongozi wa kijiji nao ulisikia kwamba karatasi yao haikugusa bonde.

Makubaliano yalikuwa haya. Ekari nane zinabaki za shule bila masharti. Paini zote ni za shule, kwa kuwa zilipandwa na kupaliliwa na wanafunzi. Ukanda wa vinyungu unarudi kwa ukoo wa balozi. Majina ya kaya tatu yaandikwe katika muhtasari wa baraza na katika daftari la matukio ya shule, pamoja na maelezo ya nani alipewa nini badala yake. Mlalamikaji alitia saini. Hakupata fedha za miti, wala hakwenda wilayani.

Uchambuzi

Kwanza niseme juu ya sheria, maana wasomaji wengi watauliza kwa nini tulihangaika hivyo. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa vijijini kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, hata kama wakati ule haukufuata sheria. Kijiji kilikuwa na pa kusimama. Lakini kifungu hicho kinajibu swali la nani ana haki leo; hakisemi kipande gani cha ardhi kiligawiwa, na bonde ndilo lilikuwa kiini cha ugomvi kuliko watu walivyotaka kukiri. Pia shauri la wilayani ni nauli, mashahidi wazee wa kubebwa kwenye gari, na majirani wasiosalimiana kwa miaka. Baraza liliona upatanisho una bei nafuu zaidi, nami nakubaliana nalo.

Kilichofanya kazi zaidi ya yote ni kuliondoa gazeti kwenye kiti cha hakimu na kuliweka kwenye kiti cha shahidi. Kama shahidi, lilitusaidia sana: lilitupa ekari nane, tarehe, na mpangilio wa tukio. Mkutanoni lilikuwa limetumiwa kuzima maswali, na mtu yeyote mwenye damu angekasirika kusikia shamba la babu yake limetolewa na umati.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo vijana wasomi huliangukia, nalo lilikaribia kutupata. Ukishagundua kwamba "wananchi" ilikuwa kanuni ya uandishi, unashawishika kusema habari zote za enzi ile ni propaganda na kuzitupa. Ni kweli kwamba magazeti yalikuwa na wajibu wa kujenga taifa. Uhuru lilikuwa gazeti la TANU, na Standard, la Kiingereza, lilitaifishwa mwaka 1970. Lakini kazi ya pamoja ilifanyika kweli. Matofali yalifyatuliwa, maji yalibebwa, na darasa lile la kwanza bado limesimama. Anayelisoma "wananchi" kama uongo anawanyima wale kina mama kazi yao kwa mara ya pili. Neno lile lilikuwa la fahari pia. Watu waliotawaliwa na mkoloni kupitia kile kilichoitwa Serikali ya Wenyeji walipojiita wananchi, mwana na nchi yake, walimaanisha. Yule mzee aliyenyoosha mgongo hakuwa anaigiza.

Kwa mtu atakayekutana na kipande kama hiki, kwenye faili la shule au la kanisa, napendekeza asome vitenzi kabla ya nomino. "Wametoa", "wametenga" na "wamekabidhi" si kitu kimoja. Kutenga ni kazi ya halmashauri, kukabidhi kunahitaji mpokeaji na siku, na kutoa kunahitaji mwenye mali. Gazeti letu lilisema "wametoa", na hilo peke yake lingetosha kutuambia kwamba nyuma ya wananchi kuna wenye mashamba. Pia atafute habari za jirani kwenye ukurasa uleule. Bila ile ya "baadhi ya wananchi" nisingeona haraka hivyo kwamba neno hupanuliwa na kupunguzwa kulingana na sifa au lawama.

Swali la mianzi lilifaulu kwa sababu ya mahali. Ukilipeleka Usangu haliwezi kukusaidia; huko ungeuliza majaluba ya mpunga na mifereji. Linaloweza kuhamishwa ni wazo la kuuliza kitu ambacho kilikuwa na mwenyewe mmoja na ambacho hakikuwahi kuingia kwenye risala.

Yaliyoshindikana ni mengi kuliko yanavyoonekana kwenye muhtasari. Baraza lilichelewa kumhusisha mzee wa kaya ya pili, likamwita kama shahidi ilhali naye alikuwa mtoaji. Watoto wake wamekuwa wakisema kwamba kipande alichopewa baba yao kilikuwa cha mawe, na hawajajibiwa. Maelezo ya bibi kuhusu maji yalitajwa kwenye kikao lakini hayakuandikwa. Katibu alisema hayahusu ardhi, na alikuwa na hoja, ingawa kwa hoja hiyohiyo kazi ya wanawake ilibaki nje ya gazeti na sasa imebaki nje ya daftari. Nilimwambia hivyo.

Kuna pia ubishi juu ya maneno ya daftari la shule. Rasimu ya kwanza, iliyoandikwa na uongozi, ilianza kwa "Wananchi wa kijiji walitoa eneo hili, wakiwemo…" kisha majina matatu. Mlalamikaji alikataa kutia saini mpaka majina yatangulie na "wananchi" waje baada ya matofali, walikostahili. Mwenyekiti wa kijiji aliona ni ukaidi wa bure. Mwenyekiti wa baraza aliagiza iandikwe upya jioni ileile, ikaandikwa.

Kaya ya Makambako ilipigiwa simu kabla ya kikao. Waliahidi kutuma mtu, hawakutuma. Baada ya paini kuvunwa walileta barua wakitaka kujua shamba la baba yao lilipimwa ekari ngapi kati ya zile nane. Hakuna aliyewahi kupima kwa kaya, na mashina ya mianzi yaling'olewa siku nyingi. Barua ipo kwa katibu wa baraza, ikisubiri kikao kijacho.